Bahari Aijua, Meli Yamkataa



Mwezi huu nalikusudia kuwaandikia juu ya haki za jirani, na karatasi yake nalikwisha kuianza. Lakini Alhamisi moja, watoto walipokwisha kufunga misahafu na kwenda zao, aliingia madrasani mama mmoja wa mtaa wetu huu wa Mji wa Kale, Mombasa, akaketi juu ya mkeka karibu na mlango. Akasema, "Maalim, nimekuja kukuuliza jambo, nawe usinikasirikie." Nikamwambia, "Sema, dada yangu." Akasema, "Mwanangu wamjua. Bahari aijua tangu hajabaleghe. Sasa kuna meli yataka mabaharia, naye amekwenda, wamemrudisha mlangoni kwa kuwa hana vyeti. Hebu niambie, hao waliomrudisha bahari waijua kuliko yeye?"

Nalinyamaza kitambo. Jawabu sikuwa nalo, lakini si hilo tu. Katika habari ya kijana huyu mimi mwenyewe nina kosa langu, na mama yule kwa adabu yake hakulitaja. Basi haki za jirani tutaziacha mpaka mwezi ujao, inshaallah, na leo nitaieleza habari hii kama ilivyo, kwani nadhani nyumba nyingi zinazosoma gazeti hili zina kijana wa namna yake.

Kijana mwenyewe nalimsomesha tangu alifu hata akahitimu. Nyumba yao ni nyumba ya bahari. Babu yake alikuwa nahodha, na mjomba wake ni nahodha hata leo. Tangu umri wa miaka kumi na miwili, kila skuli ikifungwa, alikuwa akipanda jahazi na mjomba wake kwenda Lamu na saruji na unga, na kurudi na boriti. Ajua dalili za kusi na za kaskazi kabla hazijafika. Hutazama rangi ya maji akasema hapa pana mwamba, pale pana mchanga. Injini ya jahazi ikizima katikati ya maji, yeye ndiye aifunguaye na kuisafisha mpaka iwake. Mtu mzima mwenye elimu ya darasani tu hawezi kuyafanya hayo hata kwa siku moja.

Alipomaliza kidato cha nne hakupata alama nzuri. Mama yake ni mjane. Akaja kwangu kutaka shauri, kama wazazi wengi wajavyo kwa mwalimu wa watoto wao. Nami nikampa shauri upesi upesi, kama mtu anayejua. Nalimwambia, bahari imewala wengi, mtoe huko. Mtie katika chuo kimoja mjini kinachofundisha mambo ya biashara, apate cheti, akae mezani na kalamu. Mama akauza bangili zake mbili za dhahabu alizopewa siku ya harusi yake. Kijana akasoma miaka miwili, akatoka na cheti kizuri chenye muhuri.

Sasa, wasomaji wangu, nataka mtazame ni mambo gani sikuyauliza kabla ya kufungua kinywa changu. Sikumwuliza mfanyabiashara yeyote wa mji huu kama ahitaji makarani, na karani amtakaye awe ajua nini. Sikuwauliza wenye chuo kile, wale waliomaliza kwenu mwaka jana wako wapi leo? Sikwenda hata kuchungulia darasani nikaona kompyuta ni ngapi na watoto ni wangapi. Naliiona tai na shati jeupe katika mawazo yangu, nikatosheka. Kwa kununua mbuzi wa Idi, mimi humfungua mbuzi kinywa nikatazama meno yake. Lakini kwa miaka miwili ya umri wa mtoto wa watu sikutazama kitu.

Kijana akazunguka na karatasi zake miaka mitatu, kutoka Barabara ya Moi hata Changamwe. Kila ofisi alimokwenda aliulizwa swali moja kwa maneno mbalimbali: waweza kutunza hesabu katika kompyuta kwa programu tunayoitumia hapa? Naye alikuwa amefundishwa hesabu kwa kuandikiwa ubaoni na kunakili katika daftari. Mwishowe akarudi jahazini kwa mjomba wake. Na jahazi nalo si la zamani, kwani mizigo mingi ya Lamu siku hizi yapita barabarani kwa malori.

Hapo ndipo iliposikika habari ya meli.

Ili nimjibu mama yule kwa haki, nalikwenda kwa mzee mmoja anayesali nasi safu ya kwanza, ambaye alifanya kazi katika meli kubwa kubwa mpaka akastaafu. Nikamwuliza, hivi vyeti ni nini hasa? Ni urasimu wa maofisini tu, au kuna jambo ndani yake? Akacheka, akaniketisha barazani kwake, tukazungumza kutoka alasiri mpaka adhana ya magharibi. Nitayafupisha aliyonieleza, na mengine nimeyahakikisha baadaye kwa watu wanaohusika.

Alisema kwamba mwaka 1978 mataifa yenye meli yalipatana mkataba mmoja juu ya mafunzo ya mabaharia, vyeti vyao na zamu zao. Mkataba huo ulianza kutumika 1984, ukatengenezwa upya mwaka 1995, na tena mjini Manila mwaka 2010. Kwa mkataba huo, mtu anayepewa kazi za usalama au za kulinda bahari isichafuliwe melini hana budi kwanza afunzwe mambo manne: kujiokoa anapoiacha meli, kuzuia na kuzima moto, huduma ya kwanza kwa mgonjwa na aliyeumia, na kujilinda nafsi yake pamoja na wajibu wake kwa wenzake. Juu ya hayo yako mafunzo ya ulinzi wa meli, na cheti cha daktari. Na mambo ya moto na ya kujiokoa, kila baada ya miaka mitano baharia yampasa athibitishe kwamba bado ayaweza. Mwenye meli hata akimpenda kijana namna gani, hawezi kumchukua bila ya hayo, kwani meli ikifika bandari ya ugenini wakaguzi hupanda na kuvitazama vyeti vya kila mtu, na wakiona kasoro waweza kuizuia meli isitoke.

Nikasema, "Haya, lakini mzee wangu, kijana huyu aweza kuogelea kutoka hapa hata Likoni." Akanijibu, "Maalim, jahazi likishika moto wafanyaje?" Nikasema, "Huchota maji ya bahari ukamwaga, na ukishindwa hujitupa majini." Akasema, "Sasa katika chumba cha injini cha meli moto ule ni wa mafuta. Ukimwaga ndoo ya maji umeutawanya, umewachoma wenzako." Kisha akanieleza jambo ambalo mpaka leo silisahau. Ndani ya meli ya chuma mna matangi na vyumba vilivyofungwa siku nyingi. Chuma kinapoingia kutu hula hewa safi iliyomo, hata chumba kikawa hakina pumzi ya kumfaa mtu, wala hakina harufu wala moshi wa kukuonya. Mtu hushuka ngazi akaanguka. Mwenziwe wa juu, kwa huruma yake, hukimbilia kumwokoa, naye akaanguka juu yake. Wa tatu vivyo hivyo. Mabaharia wengi hodari wamekufa kwa njia hiyo, na wengi katika hao walikufa kwa kutaka kuokoa. Jahazi la mbao lenye tumbo wazi halimfundishi mtu jambo hili hata akisafiri miaka arubaini.

Basi jawabu la mama nikalipata. Waliomrudisha mwanawe yawezekana hawaijui bahari kuliko yeye. Lakini meli siyo bahari. Ni kitu kingine kinachoelea juu yake, na mtoto wetu anakijua nusu. Ile nusu aijuayo hapana aliyeiandika, na nusu asiyoijua hapana aliyemwambia.

Na iko tofauti ya lugha pia. Kijana ukimwambia nenda omo, rudi tezi, shusha tanga, tupa nanga, hufanya kabla hujamaliza neno. Lakini melini nahodha aweza kuwa Mgiriki, fundi wa injini Mhindi na mabaharia Wafilipino. Kwa sababu hiyo, mwaka 2001 shirika la mataifa linalosimamia mambo ya bahari lilikubali maneno maalumu ya Kiingereza ya kuamrishana na kuitikiana, ili amri moja iwe na maana moja kwa wote. Si Kiingereza cha vitabu vya hadithi. Ni sentensi fupi fupi za kuhifadhi, na mtu akiamrishwa huirudia amri ile kwa sauti ili ijulikane kwamba ameisikia sawasawa. Naliposikia hivyo nikatabasamu, kwani sisi walimu wa madrasa tumekuwa tukifanya kazi hiyo hiyo ya kusomesha, kurudisha na kusahihisha miaka na miaka.

Msidhani ya kwamba kazi kugeuka namna hii ni jambo la jana. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mpakizi wa mizigo katika bandari ya Kilindini. Watu wakimwona na gunia la kahawa la kilo 60 begani walidhani kazi yake ni nguvu tu. Kumbe ujuzi wake ulikuwa tumboni mwa meli: kuyapanga magunia yakashikana, meli ikiyumba yasihame upande mmoja. Alikuwa akipita mkono juu ya safu akajua ipi itakaa na ipi itaanguka. Ujuzi ule aliusomea miaka, kwa mzee aliyemtangulia, bila ya kalamu.

Tarehe 26 Aprili 1956, katika bandari ya Newark huko Marekani, meli iitwayo Ideal-X iliondoka kwenda Houston na makasha 58 ya chuma juu yake. Aliyeyatia makasha yale hakuwa mtu wa meli kwa asili. Alikuwa mwenye malori, jina lake Malcom McLean, aliyechoka kuona malori yakingoja mizigo ishushwe kipande kwa kipande. Baba yangu wakati ule alikuwa kijana, wala hapana aliyemletea habari. Lakini makasha yale yalipofika Kilindini miaka ya baadaye, ujuzi wa kupanga magunia uliondoka kidogo kidogo, na mkono wake ukabaki na elimu isiyotakiwa na mtu. Katika wenziwe, waliosalimika ni wale waliojifunza kuendesha mashine za kunyanyulia wangali vijana, au kuhesabu mizigo kwa maandishi. Baba aliwahi kuitwa katika mafunzo ya mashine, akakataa. Alisema, hiyo ni kazi ya kukaa, si kazi ya mwanamume. Nyumbani kwetu tuliyahisi maneno hayo katika sufuria. Leo katika gati mpya za makasha huko Kipevu, zilizofunguliwa mwaka 2016, mtu mmoja aliyeketi juu ya winchi hunyanyua kwa mara moja mzigo ambao zamani ulihitaji kundi zima la watu, na mbele yake pana kioo cha kompyuta kinachomwambia kasha lipi liende wapi.

Nawapa habari hii kwa sababu dharau hii ina sura mbili. Baba yangu aliidharau kazi ya kukaa, nami mwanawe nikaidharau kazi ya kusimama. Sote wawili tulitazama heshima ya kazi kabla ya kuitazama kazi yenyewe.

Wazee wetu wa zamani hawakuwa wote hivyo. Katika mji huu huu, mwaka 1948, ilianzishwa Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, ambayo watu waliizoea kwa jina la kifupi, MIOME. Fedha zake zilitoka kwa Aga Khan, kwa Sultani wa Unguja Seyyid Khalifa bin Harub, kwa jamaa ya Mabohora, na kwa serikali ya Kiingereza. Mwezi wa Mei 1951 wanafunzi wa kwanza waliingia. Makusudio yake yalikuwa kuwafundisha vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki kazi za ufundi, kwani ilionekana ya kuwa wanasoma dini yao lakini katika karakana hawapo. Baadaye mlango ukafunguliwa kwa watu wa dini zote, mwaka 1972 ikawa chuo cha polytechnic, na mwaka 2013 ikawa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Mimi hupita mbele ya lango lake pale Tudor mara nyingi. Kila nipitapo hujiuliza, kama wazee wale walijua kwamba mtoto wa Kiislamu ahitaji patasi na waya wa umeme pamoja na msahafu, mimi nalipata wapi fikira kwamba elimu ni meza?

Nadhani jawabu moja liko katika posa zetu. Kijana akija kuposa, swali la kwanza la wazee wa mke ni "Afanya kazi gani?" Akijibu "Mimi ni fundi wa kuchomea vyuma," watu hutazamana. Akijibu "Niko ofisini," sharubati huletwa, hata kama ofisini hapo hajalipwa miezi mitatu. Nimehudhuria majlisi hizo, na mimi pia nimetazamana na wenzangu.

Mtukufu Nabii Musa, juu yake amani, alikwenda Madyan hali ni mkimbizi. Binti wa mzee yule alipomshauri baba yake amwajiri, alitaja sifa mbili tu, nguvu na uaminifu. Hakutaja ukoo wala mavazi, na Musa akachunga mbuzi miaka minane au kumi. Naye Nabii Daud alifundishwa kutengeneza dereya, akaambiwa azipime pete zake vizuri. Hilo la kupima ndilo nililolitafakari zaidi mwezi huu. Mwenye kupewa chuma kilicholainishwa mkononi mwake bado aliamrishwa kipimo.

Na kipimo ndicho wanachokikosa mafundi wetu wengi. Katika mtaa huu mna mafundi wa umeme, wa bomba, wa magari na wa kuchomea, waliojifunza kwa kukaa chini ya fundi mkubwa miaka mitano sita. Kazi wanaijua. Lakini mkandarasi akija na kazi ya jengo kubwa huuliza, una daraja gani? Hawana neno. Wengi hawajui kwamba hapa Kenya iko Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikitoa mitihani ya ufundi ya serikali, daraja la tatu, la pili na la kwanza. Fundi hahitaji kuwa amepita skuli ya ufundi ili aingie. Hutakiwa aitende kazi yake mbele ya mtahini na aeleze kwa nini ameitenda hivyo. Nalimshauri jirani yangu mmoja fundi wa umeme aende, akanung'unika kwamba yeye amekwisha tia taa katika nyumba nyingi za mji huu, atahiniwe na mtoto? Akaenda. Alirudi akaniambia ya kuwa kufunga waya hakumshinda. Kilichomshinda kwanza ni kuisoma ramani ya waya iliyochorwa karatasini, kwani siku zote yeye huichora kichwani. Akajifunza miezi mitatu, akarudi.

Waajiri nao nina neno nao, wasije wakadhani lawama zote ni za vijana. Sheria ya Kenya humtoza mwajiri shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi, kwa ajili ya mafunzo ya kazi, na mwajiri aliyelipa akimpeleka mtu wake mafunzoni kwa utaratibu uliowekwa aweza kurudishiwa gharama. Wako wanaolipa mwaka hata mwaka wala hawampeleki mtu. Kisha hubandika tangazo kutaka kijana wa miaka ishirini na mbili mwenye uzoefu wa miaka mitano. Uzoefu huo ataupata wapi, ikiwa kila mlango wataka uwe umetoka nao mlango mwingine?

Dada zetu washonaji wana shida yao iliyo kinyume na hii. Mshonaji wa nyumbani hukata, hushona, hutia nakshi, akalitoa gauni zima kwa mkono wake. Akienda katika viwanda vya nguo za kuuza nje, ambavyo viko hapa pwani, huwekwa mbele ya mashine kubwa ya umeme akaambiwa ashone mfuko tu, au ukosi tu, kutwa nzima, na saa inahesabiwa. Ujuzi wake ni mpana kuliko wanaoutaka. Wao wataka mwembamba na wa haraka. Wengine huondoka siku ya pili wakilia. Binti aliyeambiwa mapema jinsi ilivyo angejizoeza mwendo wa mashine ile, au angechagua kubaki na wateja wake. Kwa maoni yangu, mshonaji hodari mwenye wateja asikimbilie kiwanda. Lakini hayo ni maoni ya mtu asiyejua kushona hata kifungo.

Narudi kwa kijana wetu. Mama alipoelewa, akaniuliza swali la pili, "Maalim, nikiuza cha mwisho nilichonacho, nitajuaje kwamba si kama mara ile?" Safari hii sikujibu siku hiyo. Tulikwenda sote watatu na yule mzee kuuliza. Tuliuliza kwamba cheti hiki kimeidhinishwa na nani, chakubaliwa na meli za wapi, na mafunzo ya moto hufanywa kwa moto wa kweli au kwa picha. Tukaambiwa ya kwamba mwenye kuidhinisha hapa ni Mamlaka ya Bahari ya Kenya, tukaenda kwao kuhakikisha. Huko huko tukajua jambo ambalo kila mzazi wa pwani yampasa alijue. Wako watu wanaojiita mawakala, wanaowatoza vijana fedha nyingi ili "wawatie melini". Kwa mkataba wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, wakala haruhusiwi kumtoza baharia fedha kwa kumtafutia kazi. Baharia aweza kugharimia cheti chake cha daktari, kitabu chake cha ubaharia, pasipoti yake na hati nyingine za safari kama hiyo. Kazi yenyewe hainunuliwi. Kijana alinyamaza kimya aliposikia hivyo. Baadaye akakiri kwamba alikuwa ameahidiwa na mtu mmoja, na fedha alikuwa akizikusanya.

Mama hakuuza kitu. Wanawake wa chama chake cha kuwekeana walimpa zamu yake mapema, na mjomba akamalizia.

Wako walioniuliza kama si vibaya mwalimu wa dini kumsukuma kijana kwenda kwenye meli ambamo mna ulevi na nyama isiyojulikana. Nimewajibu kwamba baharini watu wetu walisafiri na kusali tangu zamani, na msafiri ana ruhusa zake za kupunguza sala, na mpishi husikia akiambiwa kwa adabu. Nabii Yusuf alikaa katika jumba la mfalme asiye wa dini yake, naye ndiye aliyejitokeza kuomba asimamie maghala ya nchi, akataja anayoyaweza: kuhifadhi, na kujua. Hakusema yeye ni mtoto wa nani, ijapokuwa angaliweza.

Wiki ya kwanza ya mafunzo kijana alikuja kwangu baada ya magharibi, nguo zake zanuka moshi. Aliniambia waliingizwa katika chumba chenye moshi mzito, wamevaa vinyago vya kupumulia na mtungi wa hewa mgongoni, wakaambiwa watambae wakifuata ukuta kwa upande wa nje wa kiganja, ili mkono ukiguswa na kitu cha moto au waya wa umeme usijifumbe ukakishika. Akasema, "Maalim, nalitaka kugeuka nirudi. Nalidhani siogopi kitu." Katika bwawa walirushwa kutoka juu na majaketi ya kuokolea, wakapewa boti la mpira lililopinduka waligeuze. Hapo hakuwa na wasiwasi. Waliokuwa hawajui kuogelea yeye ndiye aliyewatia moyo, na mwalimu wao akamwuliza aliyajifunza wapi yale. Akamwambia, kwa mjomba. Mwalimu yule akamshauri aandike kila safari aliyokwenda na mjomba wake, tarehe, bandari na kazi aliyofanya. Kuandika huko hakuleti cheti, lakini kutamwonyesha msailiwa siku ya kuulizwa kwamba huyu hajaanza jana. Tumekwisha andika safari ishirini na tatu, na mjomba anaendelea kuzikumbuka.

Kitabu cha ubaharia bado hakijatoka, wala meli bado haijamwita. Kwa sasa huja madrasani kila siku baada ya isha, watoto wakiwa wameondoka, na karatasi ya zile amri za Kiingereza. Mimi Kiingereza changu ni cha darasa la saba, na maneno mengine siyajui maana yake, lakini kusikia neno lililorukwa ndiyo kazi yangu ya miaka thelathini. Mimi hushika karatasi, yeye husimama mbele yangu mikono nyuma, akasoma kwa moyo. Jana aliruka neno moja katika amri ya tisa. Nikamgongea meza kwa kidole, akaanza tena tangu mwanzo.